Kuwa mwanasaikolojia wa shule ukiwa Lubumbashi: jibu kwa mwanafunzi wa masta

Swali: «Mama Profesa, nakusalimia kwa heshima. Nimemaliza lisansi ya saikolojia na sasa niko mwaka wa kwanza wa masta hapa Lubumbashi. Tangu nilipofanya staji, yaani mafunzo ya kazi, katika shule moja ya msingi ya Katuba, nimeweka moyoni kwamba nitakuwa mwanasaikolojia wa shule. Mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia masomo, anasema kazi hiyo haipo Kongo, na kwamba afadhali nihamie saikolojia ya kazi ili nitafute nafasi kwenye makampuni ya migodi, au nitafute njia ya kwenda Ulaya. Nifuate njia gani? Na vile vipimo vya akili tunavyosoma darasani nitavipata wapi ili nianze kufanya kazi?»

Jibu: Binti yangu, katika barua yako mna maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani kama cheo kipo na kama kazi ipo. Mjomba wako anazungumzia cheo, na hapo hajakosea. Ukizunguka shule za komuni zetu za Katuba, Kenya, Kamalondo au Ruashi ukitafuta mlango ulioandikwa «mwanasaikolojia wa shule», unaweza kutembea siku nzima bila kuuona. Utakachokikuta, tena kwenye sekondari, ni ofisi ya mshauri wa mwelekeo, yule anayewaongoza wanafunzi kuchagua masomo, na ambaye wanafunzi na walimu wanamwita C.O. (conseiller d'orientation); kwenye shule za msingi utamkuta direkta na walimu wake, basi. Lakini kazi yenyewe ipo kila asubuhi: mtoto wa mwaka wa nne asiyeweza kusoma mstari mmoja, msichana aliyekuwa wa kwanza darasani na ghafla hafungui tena kinywa, kijana anayefukuzwa kila mara kwa kupigana. Watoto hao hawakuachwa bila kushughulikiwa, ila mara nyingi wanashughulikiwa kwa fimbo, kwa kurudishwa darasa, au kwa maombi peke yake. Kwa hiyo ushauri wangu nauweka mbele kabisa: baki kwenye saikolojia ya shule, malizia masta yako hapa, ingia shuleni kupitia ofisi ya C.O., na ujifunze kumsaidia mtoto bila vipimo kabla hujajifunza kumsaidia kwa vipimo.

Mjomba anapokuelekeza migodini, anafuata historia ya mji huu, pengine bila kujua. Katika miaka ya 1950, wakati Lubumbashi bado inaitwa Élisabethville, kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa na kituo chake cha saikolojia, kilichotumia vipimo kuchagua wafanyakazi na kuwapangia kazi. Chuo kikuu kilifungua milango yake mwaka 1956. Lakini mwaka 1971, serikali ilipounganisha vyuo vikuu vyote kuwa Université Nationale du Zaïre, saikolojia na elimu viliwekwa Kisangani, hadi vyuo viliporudishiwa uhuru wake mwaka 1981. Yaani hapa kwetu saikolojia ilimtumikia mwajiri kabla ya kumtumikia mtoto, na hata leo kampuni ndiyo inayojua kuitafuta na kuilipa. Saikolojia ya kazi ni fani ya heshima na sina neno baya juu yake, lakini mtu asiingie humo kwa sababu tu mshahara wake unaonekana kwa mbali, hasa kama moyo wake umeshabaki kwenye darasa fulani la Katuba.

Sasa nikuonyeshe kazi yenyewe, kwa mfano ambao nimeugeuza kiasi cha kutosha ili mtoto asitambulike. Ni mvulana wa miaka kumi, mwaka wa nne wa msingi. Mwalimu anasema ni mvivu na ana kichwa kigumu. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa akifuata masomo, sasa analala tu. Mwanafunzi wa staji angetamani kumwita mtoto pembeni na kumpa jaribio la akili hapo hapo. Anza badala yake na rejista ya mahudhurio. Ukiifungua mwezi kwa mwezi, unaona kwamba Septemba hadi Aprili mtoto huyu hakosi sana, lakini kuanzia mwisho wa Mei alama za kukosa zinakuja tatu tatu, nne nne, na ukiomba rejista ya mwaka uliopita unakuta mambo ni yale yale. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,200. Wewe unajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo, watoto wanapoingia darasani mikono ikiwa imefichwa ndani ya mikono ya sweta. Halafu unachukua daftari. Mwandiko ni mzuri, kwa hiyo macho na vidole havina shida kubwa. Ila somo la kugawanya halipo kabisa, ukurasa umerukwa, na mazoezi yote yaliyofuata yamekosewa kwa namna moja. Mtoto asiye na akili hakosei kwa utaratibu hivyo. Huyu alikosa siku za somo hilo, na hakuna aliyemrudishia.

Hapo ndipo unamwita mama, na unamwita kwa namna ambayo hatafikiri anakuja kuhukumiwa. Humuulizi kwa nini mtoto ni mvivu. Unamuuliza, akikosa shule anashinda wapi na anafanya nini. Mama anasema analala, miguu na mikono inamuuma, na kwamba alipokuwa mchanga viganja vilikuwa vinavimba. Ukishasikia hivyo, kazi yako ni kumpeleka hospitalini apimwe damu, kwa sababu hizo ni dalili za selimundu, ugonjwa wa damu ambao kwetu watu wanauita SS. Baridi na kukosa maji mwilini huchochea maumivu yake, na zaidi ya hayo ugonjwa huu unaweza kuumiza mishipa midogo ya ubongo bila mtu yeyote kuona kupooza, kiasi kwamba umakini wa mtoto unapungua polepole. Mara nyingi mama alikuwa ameshawaza jambo hilo, lakini aliogopa kulitamka kwa sababu ukoo wa mume ungemtupia lawama yeye peke yake, ilhali ugonjwa huu mtoto huurithi kwa wazazi wote wawili. Kumweleza mama na baba ukweli huo, wakiwa wamekaa pamoja, ni sehemu ya kazi ya mwanasaikolojia kama ilivyo sehemu ya kazi ya daktari.

Kisha unarudi kwa mwalimu, na hapa ndipo wengi wetu tunapoachia kazi njiani, tukidhani kwamba ugonjwa ukishajulikana shule itajipanga yenyewe. Unaandika ukurasa mmoja, kwa maneno ambayo mwalimu mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi anaweza kuyafuata: mtoto akae mbali na dirisha lililovunjika kioo, aruhusiwe kuvaa sweta juu ya sare, kuwa na chupa ya maji mezani na kwenda msalani bila kuomba mara tatu, asipigishwe magoti uwanjani wakati wa baridi, rafiki mmoja ateuliwe kumpa daftari akirudi, mtihani alioukosa aufanye siku nyingine. Baada ya majuma kadhaa unarudi kuangalia nini kimefanyika na nini hakikuwezekana, na kama sweta imekataliwa na direkta, unakwenda kuzungumza na direkta. Katika yote hayo hakuna kipimo cha akili hata kimoja.

Utakutana na mengine yanayofanana na hayo. Kuna mtoto anayekodoa macho kwa sekunde chache katikati ya imla na kurukwa na maneno mawili au matatu. Mwalimu anadhani anaota, kumbe ni aina ya kifafa, na mahali pake ni kwa daktari au kwenye kituo cha Docteur Joseph Guislain, kile cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu kinachoongozwa na mabruda wa Frères de la Charité hapa mjini. Kuna mtoto ambaye familia imeshamwita mchawi kwa sababu ya kifafa hicho hicho. Hapo uwe na sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kichwani mwako, kwa kuwa inamlinda mtoto na inamwadhibu anayemsingizia uchawi. Lakini usianze kwa kuwatishia wazazi na sheria, kwani mara nyingi wanaogopa kweli, na anayeogopa humfukuza mtoto haraka zaidi akibanwa.

Kutokana na hayo utaona masta yako uitumie vipi. Mfumo wa sasa wa LMD (lisansi, masta, doktora) unakupa miaka mitatu ya lisansi na miwili ya masta, na miwili hiyo inapita upesi. Ningependa ujifunze kwa undani jinsi mtoto anavyojifunza kusoma, kwa sababu sehemu kubwa ya watoto utakaoletewa kwenye msingi watakuja kwa sababu ya kusoma, na mwanasaikolojia asiyeweza kukaa na mtoto juu ya silabi hana mengi ya kumwambia mwalimu. Mtoto wa Katuba anaamka kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, kisha anadaiwa kusoma Kifaransa ambacho hajakisikia nyumbani. Sheria-mfumo ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inatambua lugha za taifa kama chombo cha kufundishia, lakini vitabu na mazoea ya walimu havifuati kila mahali. Kabla ya kusema mtoto ana tatizo la kusoma, msomeshe maneno kwa Kiswahili na umsikilize. Kama anasoma «kalamu» na «mukate» bila shida na anakwama kwenye sentensi ya Kifaransa, basi shida yake ni lugha, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Staji uifanye mahali pawili. Kwanza shuleni, ukiwa chini ya C.O. mwenye uzoefu, mwaka mzima hata kama ni siku moja kwa juma, kwa maana majuma sita mfululizo hayakuonyeshi Septemba na Juni za mtoto mmoja. Pili hospitalini au Guislain, ili ujue magonjwa yanavyoanza na ujue mipaka yako. Na tasnifu yako itoke kwenye rejista na madaftari ya shule halisi. Swali kama «ni wanafunzi gani wanaokosa shule wakati wa baridi, na wanapata nini mwisho wa mwaka» ni dogo, linapimika, na direkta yeyote atataka kujua jibu lake. Swali jingine zuri liko kwenye mwaka wa nane, mwishoni mwa elimu ya msingi, pale mtoto anapochaguliwa sehemu ya kusoma katika umanitasi, yaani sekondari ya juu. Uamuzi huo unamfunga kijana kwa miaka minne na pengine kwa maisha, na naona uchungu kila ninaposikia umefanywa kwa kuangalia tu asilimia ya mwisho na nafasi zilizobaki. Kama C.O. atakukubali hapo, kaa naye, soma faili zake, jifunze kwake. Yeye anafahamu familia za mtaa kuliko kitabu chochote cha chuo.

Nakuja kwenye vipimo, kwa kuwa umeviuliza kwa hamu. Vipimo vikubwa vya akili vya watoto vinauzwa na wachapishaji kwa bei ghali, na huuzwa kwa watu wenye sifa zilizothibitishwa. Zile fotokopi zinazozunguka mjini hazina thamani ya kitaalamu: maswali yamefifia, mwongozo haupo, na alama zake zinalinganishwa na watoto wa Ufaransa au wa Marekani. Ukimwandikia mtoto wa Ruashi namba iliyopatikana hivyo, namba hiyo itamfuata shuleni kote, na hutaweza kuifuta. Nchi hii ilishapata fundisho hilo zamani. Mwaka 1956, André Ombredane na wenzake Robaye na Plumail walichapisha matokeo ya kuwapa Wakongo matrisi za rangi za Raven, jaribio la kutafuta kipande kinachokamilisha picha, kwa kurudia, na alama za watu wale wale zikapanda kadiri walivyoizoea kazi. Maana yake, alama ya kwanza ilipima kwa sehemu kubwa ugeni wa mtu mbele ya karatasi, na mtu aliyemhukumu kwa alama hiyo alimhukumu kwa kitu kingine kisichokuwa akili yake. Ichukue hiyo kuwa njia ya kufanya kazi: mpe mtoto zoezi, mfundishe kidogo, mpe tena zoezi linalofanana nalo, uone amesogea kiasi gani na msaada gani ulimsogeza. Hilo utaweza kulifanya kwa kalamu na karatasi, na mwalimu ataelewa matokeo yake mara moja.

Kuna chombo kimoja ninachokubali ukitumie mapema kwa uangalifu. Ni dodoso la Robert Goodman la nguvu na matatizo ya mtoto, la mwaka 1997, lenye sentensi 25 ambazo mzazi au mwalimu anajibu. Tafsiri yake ya Kiswahili ipo. Kwa kuwa Kiswahili cha vitabuni hakifanani kila mahali na kile tunachosema Lubumbashi, wasomee kwanza akina mama watano au sita, uwaulize kila sentensi wameielewaje. Na usilifanye kuwa hukumu ya ugonjwa: linakuonyesha tu wapi pa kuuliza zaidi.

Kuhusu siri nitasema kwa ufupi lakini kwa uzito. Shule ni uwanja mmoja, na maneno yanapita ukutani. Usizungumzie mtoto kwenye chumba cha walimu, usiache faili mezani, usifanye mahojiano bila ruhusa ya mzazi. Isipokuwa mtoto anapokuambia kwamba anaumizwa au anatendewa mabaya ya kimwili na mtu mzima, hapo usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Kabla jambo kama hilo halijakufikia, uwe umeshajua ni nani utakayempigia simu katika huduma za jamii, polisi wa ulinzi wa watoto na hospitali.

Mjomba wako ana haki ya kujua utakula nini, na ninamjibu waziwazi. Shule za serikali na zile za makanisa zenye mkataba na serikali zinalipwa kupitia DINACOPE, idara ya serikali inayosimamia malipo ya walimu, na unafahamu walimu wanaofundisha miaka mingi wakisubiri majina yao yaingie kwenye orodha. Ukipokelewa kama C.O. mpya, unaweza kusubiri kama wao. Kwa hiyo usiweke tumaini lako lote hapo. Shule za binafsi za mjini zinaweza kulipa, na naona njia inayowezekana zaidi ni kuziendea tatu au nne zilizo karibu, au ofisi ya uratibu wa mtandao mmoja wa shule za kanisa, ukapendekeza siku moja kwa juma kwa kila shule, kwa malipo madogo yaliyoandikwa kwenye mkataba. Peleka tasnifu yako na kurasa zako za mfano, majina yakiwa yamefutwa, badala ya hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa saikolojia. Mashirika yanayolinda watoto pia huajiri wanasaikolojia, ila miradi yake huwa na mwisho, na mradi ukiisha unarudi pale pale. Masaa machache ya kufundisha kwenye chuo cha ualimu yatakusaidia kwa kodi ya nyumba na pia kwa kazi yenyewe, kwa maana walimu uliowafundisha ndio watakaokupokea kesho kwenye shule zao. Nisingekushauri kuanza kwa kufungua ofisi yako binafsi. Wazazi wenye shida kubwa hawatakufikia huko. Wala usifikiri kwamba upungufu ni wetu peke yetu: Marekani, chama cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mmoja kwa wanafunzi 500, na majimbo mengi hayajafika hapo.

Mwisho, Ulaya na kwingine. Mtu asikudanganye kwamba shahada yako ya hapa ni mlango wa moja kwa moja huko. Ufaransa, cheo cha mwanasaikolojia kinalindwa na sheria tangu 1985, na mwenye shahada ya kigeni lazima apitie tume ya wizara ndipo aruhusiwe kukitumia. Kundi la wanasaikolojia wa elimu ya taifa liliundwa mwaka 2017 na linaingiwa kwa mtihani wa ushindani, ambao kwa kawaida unadai uraia wa nchi za Ulaya, hivyo mgeni huishia kwenye kazi ya mkataba. Ubelgiji nako cheo kinalindwa, tangu sheria ya 1993, na kazi ya shule hufanyika katika vituo vinavyounganisha mwanasaikolojia, muuguzi na mfanyakazi wa jamii. Mpangilio huo ningependa siku moja tuuige. Marekani, njia ya kawaida ni masomo ya karibu miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, yakiwemo masaa 1,200 ya staji, na angalau 600 kati yake yawe shuleni. Afrika Kusini wanadai masta ya fani hiyo hasa, mwaka mmoja wa staji, na kuandikishwa kwenye baraza lao la taaluma za afya. Safari hizo nazikubali kwa mtu ambaye tayari ameshakaa shuleni kwetu miaka miwili au mitatu na anajua anakwenda kutafuta nini. Anayekwenda mapema hurudi akijua watoto wa huko.

Hata hivyo, jiandae tangu sasa, kwa kuwa tume hizo zote zinasoma yaliyomo ndani ya shahada kuliko jina lake. Omba sekretarieti ya kitivo ikupe maelezo ya kila somo na idadi ya masaa yake, wakati walimu waliolifundisha bado wapo na kumbukumbu zipo. Na kila siku ya staji, kabla hujatoka shuleni, andika tarehe, masaa, umri wa mtoto bila jina lake na kazi uliyoifanya, kisha C.O. au direkta aweke sahihi na muhuri papo hapo. Ukingoja mwisho wa mwaka, utamkuta amehamishwa shule na muhuri uko kwa mtu asiyekufahamu.